Uvimbe wa Titi Usio Saratani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wanawake wengi wanaogusa kinundu kwenye titi huamini kuwa tayari wana saratani. Ukweli ni kwamba vinundu vingi vinavyopimwa hubainika kuwa vitu vingine. Kwa walio chini ya miaka 35, mara nyingi huwa ni faibroadenoma, kinundu cha mviringo kisichouma, ambacho ukikigusa huteleza chini ya kidole kana kwamba kinakukwepa. Kwa walio kati ya miaka 35 na 50, vifuko vya maji ni vya kawaida. Daktari akikichoma sindano na kuyavuta maji, kifuko hunywea hapo hapo. Kifuko cha namna hiyo hakigeuki saratani, ingawa wengi huhofia kwamba kikiachwa kitageuka.

Kuhusu maumivu, watu hupotoka pande zote mbili. Titi linalouma hedhi inapokaribia ni nadra kuwa na saratani, ilhali kinundu kisichouma hakina budi kupimwa.

Dhana ninayoiogopa zaidi ni kwamba ukishaambiwa “si saratani”, basi yamekwisha. Maneno hayo hufunika hali zisizofanana hata kidogo. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani William Dupont na David Page walionyesha kwamba hatari ya baadaye hutegemea jinsi seli zinavyoonekana kwenye hadubini. Seli zisipoongezeka, hatari haipandi, au hupanda kidogo mno. Zikiongezeka huku umbo lake likibaki la kawaida, hufika takriban mara 1.5 hadi 2 ya kawaida. Zikiongezeka na umbo nalo likaanza kupotoka, hali ambayo wataalamu huiita haipaplasia yenye atipia, hukaribia mara 4. Hata hiyo bado si saratani: kati ya wanawake 100 walio nayo, takriban 30 hupata saratani ya titi ndani ya miaka 25, wengine 70 hawaipati, na inapotokea huweza kuwa kwenye titi lile lingine.

Kwa hiyo mwanamke aliyetolewa kipande kidogo cha nyama ya titi ili kipimwe asiridhike na jibu la mdomo. Aombe ripoti ya maabara, aihifadhi, na amwulize daktari waziwazi: je, seli zimeongezeka, na je, umbo lake limebadilika? Majibu hayo, pamoja na historia ya saratani katika ukoo wake, ndiyo yatakayoamua kama anahitaji mamogramu (picha ya eksirei ya titi) kila mwaka, au hata dawa kama tamoksifeni, ambayo hupunguza hatari hiyo.