Kujaribu kampeni za mashabiki: wanayodhani watu na yalivyo

Rafiki yangu mmoja hapa Kampala ametengeneza kampeni, yaani mfululizo wa senario (mapambano) zinazofuatana, ya Vita vya Kagera, vita vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Ni ya mchezo wa vita wa kompyuta wa zamu kwa zamu, wenye ramani ya pembesita (vijumba vya pembe sita), ukoo wa mchezo wa Panzer General wa 1994. Tangu nianze kumjaribia nimesikia maneno mengi, na mengi si kweli.

"Unacheza tu, huna kazi." Mchezaji hutafuta kushinda. Mimi natafuta pa kuharibikia. Senario ya Masaka nimeirudia mara 11, na mara 4 nimeshindwa makusudi: nikaacha vifaru nyuma, nikatanguliza mizinga bila askari wa miguu, nikakaa zamu 3 mikono mfukoni. Kuna mchezaji atakayeyafanya hayo yote bila kukusudia, na mchezo usimgandie.

"Kama ni ya historia, lazima iishe kama ilivyoisha." Hapa ndipo tunapogombana. Chukua Lukaya. Msafiri wa Masaka anaijua kwa kuku wa kuchoma na gonja za dirishani. Kwenye ramani ni uzi wa barabara uliokatiza kinamasi. Tarehe 10 Machi 1979 Walibya waliokuja kumsaidia Amin, pamoja na askari wake, waliishambulia Brigedi ya 201 ya Tanzania kwa maroketi na vifaru, ikatawanyika. Brigedi ya 208, nayo ya Tanzania, ikazunguka kutokea kaskazini-magharibi hadi barabara ya Kampala, na alfajiri ya tarehe 11 adui akabanwa pande mbili.

Mtengenezaji hadaiwi kumlazimisha mchezaji azunguke. Anadaiwa kuhakikisha kuzunguka kunawezekana, na kunauma. Toleo la kwanza kinamasi kilimeza mwendo wote wa kikosi kwa pembesita moja tu, kwa hiyo 208 ingefika barabarani zamu ya 14. Senario ina zamu 12! Akalegeza, ikafika zamu ya 3, kabla hata 201 haijaguswa. Tarehe zilikuwa sahihi, silaha sahihi, majina ya vijiji sahihi, na bado ile haikuwa Lukaya. Sasa inafika zamu ya 8, ikiwa imechoka. Anayetaka kupigana uso kwa uso barabarani apigane, ila akiba yake ataiona inavyoyeyuka.

Kuhusu usahihi, BM-21 za Watanzania, mitambo ya kurushia maroketi, tuliziandika kwa jina hilohilo la kiwandani. Mzee wangu akachungulia skrini, akauliza, "Sasa sabasaba ziko wapi?" Nikamwonyesha, "Ndizo hizi, Mzee." Akaguna, akaondoka. Jina tulilibadilisha siku hiyohiyo.

"Mwenyewe ameshaijaribu, inatosha." Anajua kikosi cha kuvizia kimejificha wapi kwa sababu ndiye aliyekificha.

"Jaribu senario mojamoja, utamaliza haraka." Kwenye kampeni, vikosi vilivyonusurika huhamia senario inayofuata pamoja na uzoefu wao, na pointi ulizobakiza vilevile. Mbahili aliyetoka Mutukula bila kupoteza kitu anafika Entebbe na jeshi lisilopigika, anasinzia. Aliyepoteza vikosi 3 Masaka hana cha kuingia nacho Kampala. Ukirukia senario ya katikati unapewa jeshi la kukadiria, nalo halikuonyeshi lolote kati ya hayo. Kwa hiyo naanza mwanzo, mara mbili: mara moja nikiwa mbahili, mara ya pili mfujaji. Inachosha, sikatai.

"Inataka kompyuta ya bei." Hapana. Laptopu ya mtumba inaumudu. Hifadhi kila zamu tu, umeme usije ukakukatia ukiwa mlangoni mwa Kampala.

"Ripoti ni kusema ngumu au rahisi." Ujumbe wangu wa kwanza ulisema "Lukaya imekaa vibaya," na rafiki yangu hakujibu siku 2. Wa pili: "Senario ya 3, toleo la 5, ugumu wa kati, zamu ya 9. Vifaru vya akiba vya Libya vilivyoko Buwama havisogei hata nikivipiga. Faili ya zamu ya 8 nimeiambatisha." Robo saa baadaye akapiga simu anacheka. Amri ya kuvitoa Buwama ilipaswa kuanza zamu ya 6. Kidole kiliteleza, akaandika 16.