Jeni ya figo inayoanza kazi kabla figo hazijakuwapo

Siku moja mwanafunzi wangu aliniita kwenye darubini huku amekunja uso. "Mwalimu, huyu hana pafu la kushoto." Mbele yake palikuwa na kijusi cha panya cha siku 16, kimevimba maji mwili mzima. Nikainama. Mapafu yalikuwa mawili kama kawaida, ila kila moja lilikuwa na vipande 4. Panya wa kawaida ana vipande 4 kulia na kimoja tu kushoto. Huyu alikuwa na kulia mbili.

Alichokosa ni jeni ya PKD2. Wengi wanaijua kwa ubaya wake: ikiharibika kwa binadamu, figo hujaa vifuko vya maji, huvimba, na mwishowe hushindwa kuchuja damu. Ilipatikana mwaka 1996 katika kuusaka ugonjwa huo, ndiyo maana ikapewa jina la figo. Sisi wanajenetiki tuna kasoro hiyo: jeni tunaiita kwa jina la kile tulichokiona kimeharibika, si kwa kazi yake.

Rudi nyuma hadi siku ya 8. Figo bado kabisa. Upande wa tumboni mwa kiinitete kuna kishimo chenye majimaji, na humo zimesimama silia 200 hadi 300, vinyweleo vidogo mno, kila seli na chake. Huzunguka kama mara 10 kwa sekunde. Kwa kuwa vimeinamia mkiani, mzunguko wao huyasukuma maji kuelekea kushoto. Ukitia vichembe vinavyong'aa humo, utaviona vikihama kutoka kulia kwenda kushoto, kama majani makavu juu ya kijito. Mwaka 2002 watafiti wa Japani waliugeuza mkondo huo kwa pampu, na viinitete vikageuza upande wa moyo.

Ukingoni mwa kishimo kuna silia nyingine, hizo hazizunguki. Protini ya PKD2 iko juu yake, nayo ni mlango wa kalsiamu. Mkondo ukizifikia zile za kushoto, kalsiamu huingia, breki inayoizuia protini ya Nodal, ile inayotoa ishara ya upande wa kushoto, hulegea, na hapo ndipo kushoto kunapokuwa kushoto. Mlango usipokuwapo, maji hutiririka vilevile, ila hakuna anayeyasikia, na mapafu yote mawili hubaki na umbo la kulia. Moyo nao hupinda upande wowote, kama shilingi iliyorushwa.

Baadaye, ndani ya vijifereji vya figo, kila seli huchomoza silia moja tulivu, na PKD2 iko pale tena, sasa ikishirikiana na protini nyingine, PKD1. (Kule kishimoni mwenzake ni PKD1L1, ndugu wa PKD1.) Inashawishi kusema kwamba inapima mkondo wa mkojo kama ilivyopima ule wa kwanza. Zamani nilisema hivyo darasani bila wasiwasi. Siku hizi nasita, maana ushahidi wa figoni haujanyooka kiasi hicho.

Basi mbona wagonjwa wengi wa PKD2 moyo wao uko pale pale kushoto? Kwa sababu wamerithi nakala moja mbovu, na ile nzima ya mzazi wa pili inatosha kukivusha kiinitete. Vifuko huja baadaye, pale seli moja moja ya kifereji inapoipoteza na hiyo. Kijusi chetu hakikuwa na nakala hata moja nzima. Tulipozikata figo zake, vifuko vya kwanza vilikuwa vimeshaanza kuonekana.