"Mahali salama pa kuchezea" ina maana gani kwenye sanaa ya utoto wa watoto weusi

Ukisikia wasanii weusi wa Marekani wanaongelea mahali salama pa kuchezea, usidhani wanamaanisha bembea zisizo na kutu na uzio wa kuzuia magari tu, hiyo ni sehemu ndogo sana. Wanaongelea mahali ambapo mtoto mweusi anaachwa awe mtoto, akimbie, apige kelele, ashike bastola ya plastiki, na asitokee mtu mzima wa kumwona kama hatari.

Chukua picha aliyopiga Gordon Parks kule Mobile, Alabama, mwaka 1956. Watoto weusi wametupa mgongo, wamesimama kwenye uzio wa waya wanachungulia uwanja wa michezo ambao ni wa wazungu tu. Enzi hizo kizuizi unakiona kwa macho, na sheria ilikuwa upande wake.

Sheria zile zilikuja kufutwa ila shida haikuisha, na hapa ndo dhana yenyewe inakuwa nzito. Novemba 2014, Cleveland, Ohio, Tamir Rice wa miaka 12 alikuwa anacheza na bastola ya bandia kwenye bustani ya umma, mtu akapiga simu polisi akasema pengine ni mtoto na bastola pengine ni feki, maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa, gari likafika na ndani ya sekunde chache dogo kapigwa risasi. Kwenye redio askari wakasema ana kama miaka 20. Miaka 12 ikageuka 20! Kwa hiyo bustani ilikuwepo, na ilikuwa wazi kwa kila mtu, ila mtoto hakuonekana kuwa mtoto. Kibanda cha kupumzikia cha pale alipouawa kilifunguliwa vipande vipande kikapelekwa Chicago, kwenye taasisi ya msanii Theaster Gates, na mwaka 2019 kikasimamishwa tena watu wakae na kukumbuka.

Sasa angalia kazi za Deborah Roberts wa Austin, Texas. Anakata picha, anachukua jicho la huyu, mdomo wa yule, anaunganisha anapata mtoto mmoja, na mara nyingine mkono unakuta ni wa mtu mzima kabisa umebandikwa kwenye mwili wa katoto kadogo. Mimi sijaona maelezo yoyote yanayofikia hapo, unaona wazi jinsi mtoto anavyobebeshwa ukubwa ambao sio wake.

Wengine wanajenga uwanja wenyewe. Mwaka 2023 Derrick Adams aliweka uwanja wa kuchezea pale National Mall, eneo kubwa la wazi la umma katikati ya jiji la Washington, ukiwa na picha kubwa ya mwaka 1954 ya watoto weusi na weupe kwenye uwanja ambao ubaguzi ulikuwa ndo kwanza umeondolewa. Na haukuwa wa kutazama tu, watoto walikuwa wanapanda na kucheza humohumo.