Kuhama mtoa intaneti kila ofa inapoisha: hesabu na maandalizi kwa nyumba za Dodoma

Kuhama mtoa huduma ili uendelee kulipa bei ya ofa kunalipa pale tu ambapo kuhama kwenyewe ni rahisi na hakuna gharama. Wateja wengi ninaowafungia intaneti majumbani hulinganisha bei za vifurushi na kuishia hapo. Ufungaji, amana ya kifaa, siku za kulipia sehemu mbili kwa pamoja na kumlipa fundi aje kurekebisha kamera za getini hawaviweki kwenye hesabu, na huko ndiko punguzo lote huishia.

Chukua mfano wa tarakimu za kubuni. Unalipa shilingi 70,000 kwa mwezi. Kampuni nyingine inatangaza 50,000 kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha 75,000, na ufungaji ni 100,000. Katika miezi mitatu umeokoa 60,000, lakini ulishatoa 100,000 kabla taa ya ruta haijawaka, kwa hiyo umepungukiwa 40,000. Ukikaa huko mwaka mzima utalipa 150,000 za ofa, 675,000 za miezi tisa iliyobaki na ile 100,000 ya kufungiwa: jumla 925,000. Ulikotoka ungelipa 840,000. Ofa hiyohiyo ikija na ufungaji wa bure, unaondoka mwezi wa tatu ukiwa na 60,000 zako kamili. Ndiyo maana mimi huanza kuuliza ufungaji, kifaa na amana, bei ya mwezi baadaye.

Angalia pia kifurushi kinahesabiwa vipi. Vingi vya kulipia kabla ni vya siku 30, si vya mwezi wa kalenda, kwa hiyo malipo 12 yanakuacha na siku tano bila intaneti mwishoni mwa mwaka. Kifurushi cha siku 28 utakilipia mara 13. Na uliza kama bei iliyoandikwa kwenye kipeperushi ina VAT ndani yake, hasa ukizungumza na kitengo cha wateja wa ofisi, ambako bei hupenda kutajwa bila kodi.

Kuhusu aina za ofa, kwa mtu anayehama hama naweka juu kabisa ufungaji wa bure pamoja na kifaa cha kuazima. Punguzo la bei ya mwezi linafuata. "Kasi mara mbili kwa miezi mitatu" inasikika vizuri, lakini video ya HD hula kama Mbps 5 tu. Nyumba ya watu wanne yenye Mbps 20 zinazofika kweli haitaona tofauti kubwa ikipewa 40. "Lipa miezi mitatu upate mmoja bure" ni punguzo la robo, sawa, ila linakufunga: huduma ikianza kusumbua wiki ya pili, pesa zako ziko kwao na huna cha kuwatishia. Usilipie mbele kampuni ambayo hujaijaribu angalau mzunguko mmoja.

Kisha kuna maneno "kwa wateja wapya". Uliza wanamtambuaje mteja mpya: kwa namba ya NIDA, kwa namba ya simu, au kwa nyumba? Baadhi hutazama nyumba, yaani kebo yao ikishaingia ndani, anayehamia baadaye hapewi ofa hata kama hajawahi kuwasikia. Uliza pia mteja aliyeondoka anahesabiwa mpya baada ya muda gani. Jibu la hapo ndilo litakuambia kama unaweza kuzunguka kati ya kampuni mbili au unahitaji ya tatu. Masharti yakiruhusu, mwenzi wako anaweza kujiandikisha kwa jina lake na kitambulisho chake mwenyewe. Kutumia kitambulisho cha jirani au cha mpangaji aliyehama usithubutu. Siku ya kudai amana au kubadilisha laini, mwenye jina ndiye atakayetakiwa kufika.

Kabla ya yote, zungumza na unakolipa sasa. Piga huduma kwa wateja wiki mbili kabla ya kifurushi kuisha, taja bei uliyopewa kwingine, uliza wana nini cha kukubakiza. Wakala wa mtaani hawezi kukusaidia, maana kwa kawaida kamisheni yake iko kwenye mteja mpya. Ukipewa hata nusu ya punguzo unalotafuta, mara nyingi baki.

Andaa nyumba mara moja

Gharama kubwa iliyojificha ni usumbufu: simu zote, televisheni, kamera, printa na kompyuta za watoto kuunganishwa upya kila baada ya miezi mitatu. Dawa yake ni kuwa na ruta yako mwenyewe ya waifai. Kifaa cha kampuni kinabaki na kazi moja, kuleta intaneti ndani, na ruta yako ndiyo inayoisambaza. Ukihama unachomoa waya mmoja na kuchomeka mwingine.

Nunua ruta yenye masafa ya 2.4 na 5 GHz na tundu la WAN (linalopokea intaneti kutoka nje) la gigabiti. Waya wa mtandao utoke kwenye tundu la LAN (linalotoa intaneti kwa vifaa vya ndani) la kifaa cha kampuni uingie WAN ya ruta yako. Makosa mawili hutokea hapa karibu kila mara. La kwanza ni anwani, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, kugongana. Kifaa cha kampuni kinaweza kutumia 192.168.1.1 na ruta yako ikawa imetoka kiwandani na 192.168.1.1 pia. Zikikutana, intaneti haipiti, au inapita na kukatika, na watu huanza kulaumu kampuni. Ingia kwenye ruta yako, ibadilishe iwe 192.168.50.1, uiwashe upya. La pili ni kuacha waifai ya kifaa cha kampuni ikiwaka pembeni. Nusu ya simu zitang'ang'ania ile, na siku ya kuhama zitakuwa hewani bila intaneti. Izime.

Jina la waifai na nenosiri viwe vyako, visibadilike. Hata ukiamua kutonunua ruta, mwambie fundi aweke jina na nenosiri vilevile vya zamani, herufi kwa herufi, kubwa na ndogo, na vifaa vitajiunga vyenyewe.

Kamera ndizo husumbua zaidi. Mtoa huduma anaweza kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP ya umma, yaani ile inayoonekana kwenye intaneti. Kama kamera zako zilifungwa kwa kufungua milango ya mtandao (port forwarding) kwenye ruta ya kampuni ya zamani, huenda usizione tena ukiwa nje ya nyumba. Fundi azifunge kwa njia ya kuskani msimbo wa QR na akaunti ya mtengenezaji. Njia hiyo haijali uko kwa nani. Ofisi inayohitaji anwani maalumu ya IP, kwa mfano kwa ajili ya kuingia kwenye mifumo ya kazi, mimi siishauri ihame hame hata kidogo.

Umeme nao. Nunua betri ndogo ya ruta, ile ya volti 12, iwashe kifaa cha faiba (kebo inayopitisha intaneti kwa mwanga) na ruta yako kwa pamoja. Soma kibandiko chini ya kila kifaa kwanza: kuna vifaa vya volti 9 na ukivipa 12 vinaweza kuungua. Jumlisha ampea za vifaa vyote viwili na uhakikishe betri inazibeba. Ukihama, kifaa kipya kinaweza kuwa na volti tofauti, soma tena.

Mwisho wa maandalizi ni tundu la ukutani. Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba ya kutoboa mara moja tu, apitishe bomba la milimita 25 na kamba ndani yake. Kila kampuni itakayokuja itavuta kebo kupitia humo. Bomba liinamishwe kuelekea nje ili maji ya mvua za Desemba hadi Aprili yasiingie ndani, na mdomo uzibwe kwa silikoni dhidi ya vumbi na mchwa.

Wiki ya kuhama

Agiza huduma mpya siku kumi kabla ya ya zamani kuisha. Kwanza waje wapime umbali kutoka boksi la faiba lililo kwenye nguzo hadi kwako. "Mtaa wako tunafika" ni maneno ya wakala. Kwenye viwanja vipya kama vya Nala au Michese, boksi la karibu linaweza kuwa mbali kiasi cha kuongezewa gharama ya kebo na nguzo, na hiyo "ufungaji bure" kwenye masharti huwa na kikomo cha mita. Kiulize, na kiandikwe.

Malipo yaende kwa lipa namba au akaunti inayosoma jina la kampuni. Namba binafsi ya wakala hapana, hata akisema mfumo uko chini. Ahadi za mdomo mwombe azitume kwa ujumbe: bei, muda wa ofa, bei baada ya ofa, kifaa ni cha nani.

Siku ya ufungaji simama karibu. Fundi asikate kebo ya kampuni ya zamani wala kuifungua ili aitumie. Izungushwe, ncha ifunikwe kofia yake ya plastiki, iachwe mahali pake. Ukirudi huko mwakani, kazi itakuwa ya nusu saa. Kebo mpya isikunjwe kona kali, mkunjo wenye nusu-kipenyo cha chini ya sentimita 3 unaweza kuanza kupoteza mwanga. Kichwa cha kebo kisiguswe kwa kidole wala kuachwa wazi. Vumbi letu jekundu, hasa miezi ya upepo ya katikati ya mwaka, likikaa kwenye ncha ile linatosha kushusha kasi. Na usichungulie ndani ya kebo: mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini unaumiza.

Mwombe fundi akusomee nguvu ya mwanga iliyofika kwenye kifaa. Kati ya −15 na −25 dBm ni salama. Ikisoma −27 au zaidi ya hapo upande wa hasi, unapokea huduma inayoning'inia, na joto au kebo kutikiswa na upepo vitaikata. Arekebishe kabla hujasaini. Baadaye taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, kebo imekatika au imechomoka mahali, na kuzima na kuwasha ruta hakutasaidia.

Pima kasi saa 2 hadi saa 4 usiku, siku tatu mfululizo, kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya. Kipimo cha saa 4 asubuhi hakikuambii kitu kuhusu mtaa wako. Ikiwa huduma ya zamani ni ya kulipia kabla, iache iishe yenyewe. Ikiwa ni ya mkataba, barua ya kusitisha ipelekwe mapema kwa muda uliotajwa kwenye mkataba, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Ruta za laini

Kama mtaani kwako faiba haijafika, ushindani ni wa ruta za 4G na 5G. Hapa kuhama ni rahisi zaidi, lakini angalia mambo matatu. Ruta ya kampuni kwa kawaida imefungwa isikubali laini ya mtandao mwingine, kwa hiyo kila kuhama ni kifaa kipya. Kifurushi "kisicho na kikomo" huwa na kiwango cha matumizi ya haki: ukishapita GB kadhaa kasi inashushwa hadi mwisho wa mzunguko. Tafuta namba hiyo kwenye masharti, kwenye tangazo haiandikwi. Na mnara unagawanwa. Karibu na UDOM jioni za muhula, au mjini kati wakati wa Bunge la Bajeti linalokaa Aprili hadi Juni, usishangae kasi ikiwa tofauti na ya Januari.

Jaribu kabla ya kununua. Azima simu yenye laini ya mtandao huo, simama dirishani pale ruta itakapokaa, fungua mipangilio, kuhusu simu, hali ya laini. Nguvu ya mawimbi ikisoma −90 dBm au karibu zaidi na sifuri ni nzuri, −100 inavumilika, −110 achana nayo. Usijaribie uani: paa la bati na nondo za madirisha hula mawimbi, na ruta yako itakaa ndani.

Huduma ya kuhama na namba ileile, iliyoanza nchini Machi 1, 2017, ni ya namba za simu. Haihamishi faiba wala kifurushi. Ukihamisha laini yako ya kawaida, toa kwanza salio lote la pesa za simu na umalize muda wa maongezi, kwa kuwa vyote hivyo havihami na namba.

Kifaa cha kuazima kirudishwe dukani, si kwa wakala. Piga picha ya kibandiko chenye namba ya utambulisho ya kifaa (serial number), rudisha na adapta yake na waya wake, upewe karatasi yenye namba hiyo, tarehe na sahihi ya aliyepokea. Amana isiporudi au wakiendelea kukudai, lalamika kwanza kwao kwa maandishi na uchukue namba ya malalamiko. Wasipotatua, peleka nakala zote ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) Kanda ya Kati, iliyopo hapahapa Dodoma. Bila ile namba ya malalamiko utaambiwa urudi ulikotoka.