Elimu ya afya ya uzazi maktabani: maana yake

Ni huduma ambayo maktaba ya umma humpatia kijana balehe, yaani mwenye miaka 10 hadi 19 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, taarifa sahihi kuhusu mwili wake: kubalehe, hedhi, ndoto nyevu, mimba, uzazi wa mpango, magonjwa ya zinaa, na namna ya kukataa asichokitaka. Si darasa, wala mkutubi hageuki nesi. Kazi yake ni kuhakikisha vitabu vipo, havijapitwa na wakati na vimeandikwa na wanaojua. Swali likizidi kitabu, anamwelekeza kijana kwenye kituo cha afya.

Kinachoitofautisha na shule au zahanati ni usiri. Darasani, anayeuliza habari za kisonono atakuwa na jina la utani kabla ya kengele ya mapumziko. Zahanati nayo ina benchi, na kwenye benchi hakosi jirani anayemfahamu mama. Maktabani mtu husimama mbele ya rafu na hakuna anayemuuliza amefuata nini.

Lakini usiri huo hauji wenyewe. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, unaoipa kila mada namba yake, ambamo baiolojia ya uzazi ni 612.6 na uzazi wa mpango 613.9. Asiyejua namba hizo inabidi aende kaunta kuuliza, na hapo ndipo wengi hughairi. Kwa hiyo maktaba kadhaa za Marekani hubandika bango lenye mada zinazotia aibu na namba zake: unasoma "mimba, 618.2", unakwenda mwenyewe. Nyingine huruhusu vitabu hivyo vichukuliwe bila kuandikishwa, kwa kuaminiana tu. Baadhi havirudi. Mimi sioni hasara kubwa hapo. Kitabu cha namna hiyo kikipotea, aghalabu kiko chini ya godoro la mtu, kinasomwa.

Msingi wa haya huko Marekani ni Tamko la Haki za Maktaba, lililopitishwa na chama cha maktaba cha nchi hiyo mwaka 1939. Leo linasema umri usiwe sababu ya kumnyima mtu haki ya kutumia maktaba, na mwaka 2019 kikaongezwa kipengele cha faragha.

Wazazi wengi huhofu kwamba kumwambia mtoto mambo haya ni kumtuma akayafanye. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliopitia tafiti nyingi, unasema elimu hii haiongezi ngono miongoni mwa vijana. Hofu haikuisha kwa hilo. Mwaka 2024 jimbo la Idaho, Marekani, lilipitisha sheria inayoruhusu maktaba kushtakiwa isipohamishia sehemu ya watu wazima vitabu vinavyodaiwa kuwadhuru watoto. Maktaba ya mji mdogo wa Donnelly jimboni humo, ambayo jengo lake halina nafasi ya kutenga chumba, ikatangaza kuwa ya watu wazima tu.

Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba, kwa hiyo wasomaji wapo. Maktaba nazo zipo: Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, na mikoani kuna matawi. Kinachopungua, kwa maoni yangu, ni maandishi ya Kiswahili chepesi. Hata hivyo jarida la Fema limekuwa likigawiwa bure katika shule za sekondari kwa miaka mingi, likizungumzia mambo haya kwa lugha ambayo vijana wenyewe huizungumza. Maktaba ya mkoa inayotaka kuanza haina haja ya kungoja mfadhili. Ikusanye matoleo ya zamani ya majarida ya aina hiyo, iyaweke kwenye rafu iliyo mbali na kaunta, na bango la namba ilibandike nyuma ya mlango wa choo.