Kinachomaliza cheni ni vumbi: dhana potofu kuhusu mafuta ya baiskeli ya mbio

Ukizunguka kwa mafundi wa baiskeli hapa Arusha, vibanda vingi utakuta chupa ya maji ya kunywa iliyotobolewa kizibo, ndani yake oili nyeusi iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari. Baiskeli ya mzigo, ya mwanafunzi, ya mbio, zote zinanyweshwa hiyo hiyo. Cheni zangu mbili za mwanzo ziliisha kwa chupa ya namna hiyo, na ya pili iliondoka na kaseti yake, yaani lile fungu la gia za meno kwenye gurudumu la nyuma. Cheni nzuri ya gia 11 si kitu unachokiokota kila duka huku kwetu. Ukishaipata, inauma kuiona inakufa kabla ya siku zake kwa mambo tunayoambizana tu bila kuyachunguza.

“Oili ni oili, hata iliyotoka kwenye injini”

Oili iliyokwisha kutumika imebeba masizi na chembe za chuma zilizosagika humo injinini. Ukiitia kwenye cheni, umetia mafuta na msasa kwa pamoja. Kuna pia mikono ya fundi: oili hiyo ina kemikali ambazo zikigusa ngozi siku baada ya siku, kwa miaka, zinaweza kuleta saratani. Anayeishika kutwa avae glovu, au aiache kabisa. Oili mpya ya injini haina masizi hayo na inalainisha kweli, ila ni nzito. Inabaki nje ya cheni ikinata, na kila vumbi linalopita linapata pa kukaa.

Ubaya wa vumbi hilo unaonekana ukiijua cheni ilivyoundwa. Ina vipande kama 110, na kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Pini inashika mabamba mawili ya nje. Mabamba ya ndani yanajigeuza kuizunguka pini hiyo, na kati yao kuna rola, kigurudumu kidogo kinachokaa kwenye jino la gia. Msuguano wote wenye maana uko humo ndani, pini inapokutana na bamba, mahali usipopaona kwa macho. Ukikanyaga mizunguko 85 kwa dakika ukiwa kwenye meno 50 ya mbele, cheni nzima inazunguka karibu mara 39 kila dakika, na kila mara kila kiungo kinajikunja na kunyooka mara kadhaa. Punje ya mchanga ikishaingia pale, inasaga pini bila kupumzika mpaka ufike nyumbani.

Kwa hiyo mafuta yanahitajika ndani. Nje inatosha utando mwembamba wa kuzuia kutu. Hapo hapo inaanguka dhana nyingine, ile ya kwamba cheni ikiwa nyeusi na yenye kulowa ndiyo imeshiba. Weusi ule ni vumbi na chuma kilichosagika. Ukiifuta kwa kitambaa kisha ukaona weusi ule ule unarudi baada ya kuzungusha pedeli kidogo, unatoka kwenye pini. Hapo usiongeze mafuta mapya juu yake, ioshe kwanza.

“Nikipata mafuta mazuri ya cheni, yananitosha mwaka mzima”

Hapa ndipo wengi tunapoteza pesa, hata sisi tunaonunua chupa halisi za dukani. Mafuta ya cheni yanagawanyika makundi mawili makubwa: ya mvua na ya ukavu. Ya mvua ni mazito, yanashikilia chuma hata maji yakirushwa na gurudumu kwa saa nzima, lakini unato ule ule unaoyashinda maji unakamata vumbi. Ya ukavu yana nta au chembe nyingine laini zilizochanganywa na kimiminika chepesi. Kimiminika kinaruka hewani, kinachobaki ni utando mkavu usiokaribisha mchanga. Mvua moja ya maana inauosha.

Sasa fikiria Arusha. Ukienda Usa River mwezi Aprili, masika imekolea, barabara inatiririka maji na matope kutoka njia za pembeni. Hapo mafuta ya ukavu yatakuacha nusu ya safari, utasikia cheni ikilia kama panya. Ukienda Longido mwezi Agosti, lami ni nzuri lakini upepo unakuletea vumbi la volkano, laini kama unga, na malori yanalitimua kila yanapotoka nje ya lami. Hapo mafuta ya mvua yanageuka uji wa kusagia chuma. Baiskeli ni ile ile na mwendeshaji ni yule yule, ila chupa ni mbili. Anayelazimika kununua moja tu anunue ya ukavu na awe tayari kuipaka upya kila anaponyeshewa, kwa sababu miezi yetu ya vumbi ni mingi kuliko ya mvua.

Njia ya tatu ni nta yenyewe, na ndiyo ninayoitumia kiangazi chote. Watu wengi wanadhani ni ufundi wa timu za Ulaya. Mshumaa mweupe wa kawaida, usio na rangi wala manukato, kwa kiasi kikubwa ni nta ya parafini. Unaiyeyusha kwenye kikopo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiiweke moja kwa moja juu ya moto, kwa kuwa inawaka. Cheni iwe imeoshwa mpaka isibaki na tone la mafuta: mafuta ya taa mara mbili au tatu, kisha spiriti, kisha ikauke. Hatua hii ndiyo watu huiruka, halafu wanasema nta haifai, kumbe haikupata chuma cha kushika. Ichovye, itikise mpaka mapovu yaishe, itoe, iache ipoe. Itakuwa ngumu kama fimbo. Vunja ugumu huo kiungo kwa kiungo kwa mkono, na kilomita chache za kwanza zitamaliza kazi. Kwenye ukavu inaenda kilomita 300 hivi, na ukiigusa haikuchafui kidole. Ikinyeshewa, ifute na kuikausha siku hiyo hiyo kisha uichovye tena, maana nta haizuii kutu kama oili.

“WD-40 inatosha”

Kopo lile la bluu na njano limejengewa imani kubwa. Lilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, kwa kazi ya kuondoa maji na kuzuia kutu, na namba 40 inatokana na jaribio la arobaini lililofaulu. Kazi hiyo inaifanya vizuri. Ukitoka kwenye mvua, puliza, maji yatatoka kwenye viungo. Lakini sehemu yake kubwa ni kiyeyushi kinachoruka hewani, na mafuta yanayobaki ni membamba mno kuhimili uzito wa mtu anayepanda mlima. Mbaya zaidi, inayeyusha na kuondoa mafuta mazuri yaliyokuwemo. Kampuni hiyo hiyo inauza mafuta maalumu ya cheni kwenye chupa nyingine, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kulipa.

Mafuta ya cherehani yanafaa kwa dharura, kwa sababu ni safi na yanapenya. Hayakai, ukifika nyumbani umeshayamaliza. Ya kupikia yasitumike kabisa: yakikaa hewani yanageuka gundi ya kahawia inayobanduliwa kwa kukwangua. Ya nazi yanaganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Julai hapa kwetu ni baridi kuliko hapo. Grisi nayo ni nzito, haiingii kwenye pini. Ile iliyokuja na cheni mpya iliingizwa kiwandani, na kama hutumii nta iache humo, futa ya nje tu.

“Mimina mpaka idondoke, halafu twende”

Tone moja kwa kila rola, basi. Cheni nzima inakula kama kijiko kimoja cha chai. Mimi natafuta kile kiungo cha kufungulia, naanzia hapo, narudisha pedeli nyuma polepole nikitona upande wa ndani wa cheni mpaka kiungo kile kirudi. Kisha nazungusha dakika mbili ili yaingie, naiacha ilale usiku, na asubuhi nafuta nje mpaka kitambaa kitoke karibu kisafi. Mafuta ya ukavu hasa yanataka huo usiku. Ukiyapaka ukiwa umeshavaa kofia, kimiminika bado kimo na nta haijashika, nusu yake itarukia rimu.

“Chupa ya bei kubwa inaongeza mwendo”

Mwaka 1999 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, wakiongozwa na James Spicer, walipima cheni kwenye mashine maabara. Cheni ilipitisha hadi asilimia 98.6 ya nguvu iliyoingizwa, na vilainishi vitatu walivyovijaribu havikuleta tofauti ya maana. Mvutano wa cheni na ukubwa wa meno ndivyo vilivyohesabika zaidi. Vipimo vya wengine vya baadaye vimeonyesha tofauti za wati chache kati ya mafuta na mafuta, na kwa anayeshindana na saa wati hizo ni mali. Ila maabara ile ilikuwa safi. Barabara ya Namanga, ile ya kwenda Longido, haiko hivyo, na chupa ya bei kubwa juu ya cheni yenye mchanga haiwezi kuifikia ya bei ndogo juu ya cheni iliyooshwa.

“Cheni yangu imevutika”

Bamba halivutiki. Kila pini imelika kidogo, na kulika huko kukijumlishwa cheni inakuwa ndefu. Chukua rula ya shule, iweke kwenye cheni iliyokazwa. Kutoka pini unayoanzia hadi pini ya 20 baada yake, kati hadi kati, ni sentimita 25.4. Ikizidi kwa milimita 1.3 hivi, imelika nusu asilimia, na kwa gia 11 au 12 ndipo pa kuibadilisha. Gia 10 kushuka chini inavumilia mpaka milimita 1.9. Kipimo cha chuma cha duka la baiskeli kinaonyesha wazi zaidi, ila hata rula itakushtua mapema, cheni mpya ikiwa bado inakubaliana na meno ya kaseti uliyonayo.