"Possession" sio umiliki, watu wanalizwa na neno hili

Jamani hili neno la Kizungu possession linawaponza watu wengi hapa Dar, hasa wanaonunua viwanja huku Chanika, Kivule na Goba. Mtu katafsiriwa mkataba pale steshenari, kaandikiwa "umiliki", anatembea kifua mbele anajua kashamaliza. Bado kabisa.

DHANA: Possession ni umiliki.
UKWELI: Ni kitu kuwa kwako, chini ya himaya yako, basi. Angalia dereva wa boda wa hesabu, anaamka nayo, anailaza uani kwake, ikiibiwa yeye ndo anakimbilia polisi, ila kadi ina jina la bosi. Possession ni ya dereva, mali ni ya bosi. Na dalali akikwambia nyumba inauzwa na "vacant possession" maana yake unakabidhiwa tupu, haina mpangaji ndani.

DHANA: Kama hujakishika mkononi hakiko kwako.
UKWELI: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 5, inasema hata kitu kilicho kwa mtu mwingine au mahali popote, ukijua kipo na kimewekwa kwa matumizi yako au ya mwenzio, unahesabiwa unacho. Kwa hiyo vijana mnaofichiana mifuko geto muwe makini sana.

DHANA: Hati miliki maana yake ardhi ni yako milele.
UKWELI: Hapa Kiswahili chetu wenyewe ndo kimetuchanganya. Kwa Kiingereza hati ile ni ya "right of occupancy", haki ya kukaa na kutumia, maneno yaliyokuja na sheria ya ardhi ya mkoloni ya 1923, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ikayabakisha. Ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, wewe unapewa muda, miaka 33, 66 au 99. Si ndo maana kila mwaka unalipia kodi ya PANGO la ardhi, we ushaona wapi mtu analipa pango kwenye mali yake? Haina maana hati haina nguvu, inayo sana, itafuteni, ila jueni mmepewa nini.

DHANA: Ukikaa miaka 12 kiwanja chako.
UKWELI: Hii ndo inaniuma. Sheria ya Ukomo ya 1971 inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kwenda kuidai mahakamani, watu wakaigeuza ikawa zawadi kwa yeyote aliyekaa. Aliyekaribishwa hahusiki, awe mpangaji, mlinzi au ndugu aliyepewa hifadhi, maana yupo pale kwa ruhusa ya mwenyewe, na mahakama zetu zimelisema hilo mara nyingi tu. Shangazi yangu alimweka kijana amlindie kiwanja, akalima mchicha, akajenga kibanda, miaka 14 baadae akasema hatoki, ni pake. Shangazi alikonda kwa mawazo. Kilichomuokoa ni daftari la shule alilokuwa anaandika posho ya kila mwezi na kijana anasaini. Mwenye mlinzi kiwanjani aanze leo kuandikishana nae, hata kama ni mtoto wa dada yake.